Kitufe Kilichotoboa Nailoni

Rimoti ikigoma, watu wa Mlandizi wana matibabu yao kabla hawajanifikia mimi. Kwanza wanaipiga kofi. Isipopona wanaigonga kwenye paja, kisha wanatoa betri, wanazing'ata, wanazianika juani pamoja na dagaa, na mwisho atatokea mmoja mwenye akili zake aifukie ndani ya gunia la mchele. Ikishapita kwenye mateso hayo yote ndipo wanamkumbuka Siwema. Wanaiweka mezani kwangu kwa huruma na kusema, "Sijui imekuwaje, fundi. Haijaguswa na mtu."

Haijaguswa na mtu! Na alama za meno hizi ni za nani?

Lakini sina haki ya kulalamika, maana huko ndiko ninakopata ugali. Tangu vile vyombo vya kusikiliza sauti za watu vipigwe marufuku kwa umbeya wao, kila kitu kimerudi kwenye vitufe. Paa la umeme wa jua lina rimoti, tangi la maji lina rimoti, banda la kuku lina rimoti. Nina mteja ana rimoti ya kutafutia rimoti zake nyingine, na juzi kaipoteza hiyo. Na mpira wa kitufe ni mpira tu hata dunia iendelee vipi. Ukibonyezwa sana unachoka.

Asubuhi aliyokuja Mwalimu Mihayo nilikuwa nasafisha rimoti ya banda la kuku iliyojaa pumba. Mlangoni alikuwepo Mama Tausi, muuza mihogo ya kukaanga, ambaye karai lake limekaa pale miaka mingi mpaka wateja wengine wanadhani duka ni lake.

"Hodi hapa kwa wacheza ngoma," Mwalimu akasema.

"Karibu, mla michembe. Leo hujabeba mzigo wa mtu?"

Mama Tausi akacheka. Mimi Mzaramo wa ngoma na nazi, Mwalimu Mihayo Mnyamwezi wa michembe, yaani viazi vikavu, na watu wa makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, wao wakishuka pwani na mizigo ya watu mabegani. Mtani nitamtukana, nitamcheka msibani kwake, nitamkamatia kuku uani mbele ya macho yake niondoke naye, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika amejiaibisha yeye na ukoo wake. Ndivyo tulivyokuta, na ndivyo tunavyopenda.

Mwalimu Mihayo hafundishi hesabu wala historia. Anafundisha kwaya. Ni mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya chini, mtu ambaye hata akikutukana unasikia kama anakuombea. Alifungua mfuko wake akatoa rimoti nyeupe, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

Nikaijua hapo hapo. Ilikuwa rimoti ya mwili.

Hizi zinakwenda na ile punje wanayowekewa wazee nyuma ya sikio, wazee wenye ugonjwa wa kutetemeka. Anayeishika anaitwa mshikaji, na lazima awe jamaa aliyeandikishwa. Mgonjwa mwenyewe haruhusiwi. Ina vitufe vikubwa ili usikosee. HATUA hutuliza mikono na miguu. NAFUU huondoa maumivu ya viungo. USINGIZI, jina lake linajieleza. Cha mwisho kinaitwa KIMYA, hufunga koo, na kampuni inasema kimewekwa kwa ajili ya mayowe ya ugonjwa, yale ambayo mzee anapiga bila kujua kama anapiga.

"Ni ya mama," Mwalimu akasema. "Vitufe vimekufa vyote. Tangu juzi anatetemeka, kikombe hakishikiki. Usiku halali."

"Maskini! Na mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi kitu," akajibu haraka haraka.

Bi Nyamizi hasemi kitu! Jamani, mimi namjua Bi Nyamizi. Mama huyu kabla hajaugua alikuwa anapita hapa dukani kila siku ya soko, na kila akipita ananitukana matusi ya utani ambayo mpaka leo sijapata majibu yake. Kwao alikuwa kiongozi wa nyimbo za kulimia, yule anayeanzisha na majembe mia yanamfuata. Akicheka hapa dukani, bisibisi zinagongana kwenye kopo. Kisha akaanza kukaa dirishani kwake tu. Nikipita namrushia neno, "We Mnyamwezi, nani kakutua huo mzigo?" ananitazama, hajibu. Nilipomuuliza mwanawe akaniambia, "Mama siku hizi amekuwa mstaarabu."

"Acha niifungue," nikamwambia.

"Usiifungue. Ipanguse tu juu juu, nasubiri hapa."

"Kitufe hakiponi kwa kupanguswa juu. Na rimoti ya mwili siishiki huku mtu ananihemea mgongoni."

"Nina mazoezi ya kwaya, Siwema. Nataka niondoke nayo."

"Basi nenda nayo, ukaiombee."

Akacheka kwa kuchoka, akatupa mikono juu. "Haya, ichukue! Imekuwa yako, mtani! Kaitie nazi mle na wenzako, mradi mchana niikute inafanya kazi."

"Nimesikia mimi," Mama Tausi akadakia kutoka kwenye karai. "Kakupa."

"Nimempa," Mwalimu akasema, bado anacheka, akaenda zake kwenye kwaya.

* * *

Rimoti ilikuwa ndani ya nailoni, imekunjwa vizuri pembeni na kufungwa mpira nyuma. Hilo halikunishangaza. Sisi kitu kipya tunakivisha nailoni kisizeeke. Makochi tunayakalia na nailoni zake mpaka siku ya kuyatupa, tunayatupa yakiwa mapya. Nilitaka kuivua niendelee na kazi. Mkono ukasita.

Juu ya HATUA nailoni ilikuwa nzima. Juu ya NAFUU nzima, imechafuka kidogo tu. Juu ya USINGIZI nzima. Juu ya KIMYA palikuwa na tundu la duara, kingo zake zimelainika kwa kusuguliwa. Nikapitisha kidole gumba changu. Kilipita bila kugusa pembeni.

Nailoni ngumu ile, jamani. Kidole cha mtu kimeitoboa.

Nikaifungua. Ndani ya rimoti za namna hii kuna karatasi moja ya mpira yenye vitufe vyote, na chini ya kila kitufe kuna kidonge cheusi cha kaboni. Ukibonyeza, kidonge kinalalia njia mbili za shaba kwenye ubao na kuziunganisha, na hapo rimoti inajua unataka nini. Kidonge cha HATUA kilikuwa cheusi ti, kama kimetoka kiwandani jana. Cha KIMYA kilikuwa kimelika chote mpaka mpira mweupe unaonekana. Mpira wenyewe umepasuka, na kwenye ule ufa mafuta ya mikono, jasho na uji vilikuwa vimepenya, vikashuka kwenye zile njia za shaba, vikagandia hapo na kuziunganisha moja kwa moja.

Sasa sikiliza maana yake. Rimoti ilikuwa inaamini kuna kidole kimekaa juu ya KIMYA, hakitoki. Na rimoti haisikilizi vitufe viwili kwa mpigo. Ndiyo maana vile vingine vilionekana vimekufa. Havikuwa vimekufa, vilikuwa vinangoja KIMYA kimalize. Tangu juzi Bi Nyamizi alikuwa anatetemeka na kuumwa kwa sababu kitufe cha kumnyamazisha kilikuwa kimekwama chini, na kwa kuwa kimekwama chini, hakuweza hata kusema aah.

Hasira zilinipanda mpaka bisibisi ikanidondoka.

"Vipi, umejichoma?" Mama Tausi akauliza.

Nikamwonyesha. Nikamweleza polepole, akiwa kaacha mihogo inaungua. Aliitazama ile nailoni kwa muda, kisha akasema, "Usiwe mwepesi wa kuhukumu, Siwema. Mayowe ya ugonjwa yapo. Mkwe wangu alikuwa akianza, majirani wanakuja na marungu."

"Na mlikuwa mnambonyeza mara ngapi?"

"Akianza tu. Akishapitiwa tunamfungulia."

"Ukibonyeza mara moja, koo linafungwa mpaka ubonyeze tena, au mpaka nusu siku ipite lifunguke lenyewe. Kwa mayowe ya mara moja moja nailoni ingetoboka? Huyu anafungwa kila koo linapofunguka! Hana hata muda wa kuomba maji!"

Mama Tausi akarudi kwenye karai lake akawa anageuza mihogo kwa nguvu kuliko inavyohitaji.

Kusafisha ilikuwa kazi ndogo. Pamba, spiriti, mswaki wa zamani. Ule mgando ulitoka, shaba ikang'aa, na nilipogusisha HATUA, punje ikiwa mbali haisikii, rimoti ikalia ti, NAFUU ti, USINGIZI ti. KIMYA hakikulia. Hakikuwa tena na kaboni ya kuunganishia kitu. Kilikuwa mpira mtupu.

Nikafurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka nikapiga kofi mezani. Nikasema hivi hivi kitabaki, kitufe hiki kife na kizikwe. Kisha nikakumbuka salamu ya alfajiri.

Rimoti za mwili kila alfajiri lazima zisalimiwe. Mshikaji anabonyeza vitufe vyote kimoja kimoja, na kila kimoja kinatakiwa kiitike. Kimoja kisipoitika, kampuni inailaza punje nzima huko huko iliko, eti kwa usalama wa mgonjwa, mpaka rimoti mpya iagizwe. Kuifungua punje iliyolazwa mimi sijui, na wala sijamwona anayejua. Jana na leo ilinusurika kwa kuwa KIMYA kilichokwama kilikuwa kinaitika mfululizo, kampuni ikadhani salamu bado inaendelea; sasa hakiitiki kabisa. Kwa hiyo nikikiacha KIMYA kimekufa leo, kesho Bi Nyamizi hana HATUA wala NAFUU. Atapata mdomo wa kusema anaumwa, na dawa ya maumivu atakuwa kanyang'anywa.

Nani huyo? Nataka kumjua jina. Nani aliyekaa kwenye kiti chake chenye kiyoyozi akachora nafuu na kimya kwenye mpira mmoja, ukitaka hiki lazima ukubali na kile? Na wenzake mezani wakamtazama wakasema vizuri sana, tutengeneze? Ningempata ningemtia punje mimi mwenyewe, rimoti nikampa mama mkwe wake.

"Mrudishie tu ilivyo," Mama Tausi akasema. "Mambo ya nyumba za watu hayo."

"Nikimrudishia ilivyo, mama anatetemeka. Nikiitengeneza, nimemnolea mwanawe kisu. Niambie lipi katika hayo ni la nyumba za watu."

Kidonge kilichokufa kinafufuliwa kwa penseli. Unachukua penseli nyeusi laini, unasugua kwenye mpira taratibu, tabaka juu ya tabaka, mpaka paanze kung'aa. Watoto wa shule wanaweza. Niliikamata ile penseli nikaiweka chini. Nikaikamata tena. Maisha yangu yote nimefurahia kitufe kinapoitika. Nimetengeneza rimoti za walevi, za wachawi, za watu wasionisalimia, na kila moja ilipolia nilitabasamu. Leo nilikuwa natengeneza kwa mkono wangu kitu cha kumziba mdomo mtu ninayempenda, na nilitakiwa nikitengeneze vizuri, maana nikikitengeneza vibaya atakayeumia ni yeye.

Nikasugua. Nikaziba ule ufa kwa gundi. Nikafunga, nikabonyeza.

Ti.

Sikutabasamu. Nilichukua ile nailoni yenye tundu nikaiweka mfukoni.

* * *

Mchana Mwalimu Mihayo akarudi na kunyoosha mkono. "Imepona?"

"Imepona. Twende kwa mama tukaijaribu."

"Nipe tu, nitaijaribu mwenyewe."

"Rimoti ya mwili haijaribiwi mezani, Mwalimu. Inajaribiwa kwa mwenye mwili."

Nilishatoka mlangoni. Nyuma nikasikia kandambili. Mama Tausi anatufuata na aproni yake, kaacha karai peke yake.

"Na mihogo?" nikamuuliza.

"Itajigeuza."

Sebule ya Mwalimu imejaa mabenchi ya kwaya, na kochi moja lenye nailoni. Bi Nyamizi alikuwa dirishani, amejifunga khanga, mikono yake mapajani inarukaruka kama ina ugomvi wenyewe kwa wenyewe. Amekonda. Lakini macho yalikuwa yale yale, na yaliponiona yakanishika.

"Shikamoo, mtani," nikasema.

Midomo ikacheza. Hakuna kilichotoka. Akainua mkono ule unaotetemeka, akagusa nyuma ya sikio, akanionyesha mwanawe.

Nikabonyeza HATUA. Mikono ikapungua kuruka, ikapungua, ikatulia, kama maji kwenye ndoo iliyotuliwa chini. Nikabonyeza NAFUU, mabega yakashuka, akafumba macho na kuvuta pumzi ndefu. Mama Tausi akasema, "Ahsante Mungu."

"Basi, vinatosha," Mwalimu akasema. "Nipe."

"Kimebaki kimoja."

"Hicho usikiguse."

"Kwa nini?"

Akanisogeza pembeni, karibu na mabenchi yake, akashusha sauti. "Siwema, wewe hukai humu ndani. Mama anaimba. Kwaya inafanya mazoezi, yeye anaingiza nyimbo za kulimia katikati. Anawakosoa waimbaji wangu kwa majina. Anamwita marehemu baba mbele za wageni. Nilianza kumbonyeza wakati wa mazoezi tu, naapa. Kisha wakija wageni. Kisha..."

"Kisha wakati wote."

"Hata hivyo sikumfanyia ubabe. Nilimuuliza kabisa. Nilikaa pale nikamwambia, mama, unaona vibaya nikikubonyeza? Hakukataa."

Nikamtazama. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ulimuuliza kabla hujambonyeza," nikasema, "au baada?"

Akafungua mdomo.

"Nakuuliza wewe, mla michembe! Ulimziba mdomo kwanza, halafu ukakaa kitako kumwomba ruhusa, na aliponyamaza ukasema kakubali? Huna haya?" Nikatoa ile nailoni mfukoni, nikaitandaza mbele ya uso wake. "Hebu pitisha gumba lako hapa. Pitisha! Tuone kama linaenea!"

Hakupitisha. Alilitazama lile tundu, na nikaona kwamba hakuwahi kuliona. Kila siku kidole chake kimekuwa juu yake, kimelifunika.

Nikamgeukia mama, nikabonyeza KIMYA.

Bi Nyamizi akakohoa. Akakohoa tena, akameza mate, akashika koo lake kwa mkono uliotulia. Sauti ilipotoka ilikuwa imekwaruza.

"Mzaramo."

"Abee, mtani."

"Umenenepa. Nani kafa, mkala wali kiasi hicho?"

Mama Tausi alicheka mpaka akakaa kwenye benchi la kwaya. Na mimi nilicheka, huku machozi yananitoka na kamasi vile vile, sikujali. Nilikuwa nimelikosa tusi lake kwa muda mrefu mno.

"Mihayo," akasema.

"Naam, mama."

"Sauti ya pili wanaimba chini. Tangu mwaka jana wanaimba chini. Nimekaa hapa nasikia, siwezi kusema."

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Na jino linaniuma. Huku nyuma, kushoto. Limeanza tangu masika. Koo lilipofunguka nilifungua mdomo nikuonyeshe kwa kidole, mwanangu. Ulidhani nataka kuimba, ukanibonyeza."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu alikaa kwenye kochi lake, nailoni ikalia chini yake, akajifuta uso kwa kiganja. Alikuwa analia, na kulia kwake hakukuwa kwa kuigiza. Lakini hasira zangu zilikuwa hazijapoa. Mtu amekaa na jino bovu tangu masika ndani ya nyumba ya mwanawe wa kumzaa!

"Nipe rimoti, Siwema," akasema baadaye. "Sitakibonyeza tena."

"Na kesho alfajiri? Salamu?"

"Nitakibonyeza mara mbili. Nitafunga, nifungue hapo hapo. Naapa mbele ya mama."

Nilimwamini. Ndiyo maana sikumpa. Hata ile mara ya kwanza alidhamiria vizuri, mazoezi tu, na tazama tulipofika. Wageni watakuja tena. Kwaya itaimba tena. Kidole chake kinakijua kile kitufe kuliko yeye mwenyewe anavyokijua.

"Siwezi kukupa," nikasema, "maana si yako. Asubuhi ulinipa, nikaitie nazi."

"Siwema, ule ulikuwa utani!"

"Ndiyo. Na mimi na wewe ni nani?"

"Nilisikia kwa masikio yangu," Mama Tausi akasema kutoka kwenye benchi. "Nimempa, ndivyo alivyosema. Hakulazimishwa."

Mwalimu alinitazama, akamtazama Mama Tausi, na niliona anapiga hesabu zake. Mnyamwezi akimdai mtani wake kitu alichompa kwa mdomo wake, tena kwa hasira, habari hiyo itaimbwa kwenye kila msiba kuanzia hapa mpaka Tabora. Bi Nyamizi mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kuianzisha. Alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Kampuni inataka jamaa," akasema kwa unyonge.

"Hayo utaongea na kampuni. Yangu, nampa nimtakaye." Nikaiweka rimoti mapajani kwa Bi Nyamizi.

Mwalimu akasimama. Sasa sauti yake haikuwa tena ile ya kuombea watu. "Sikia, wewe mwenye hasira. Unajua alianguka bafuni? Nani alimwokota? Mimi. Anasahau, Siwema. Aliacha jiko linawaka mpaka sufuria likayeyuka. Asubuhi akisahau kusalimia rimoti, punje inalala. Akisahau HATUA, miguu inamwacha hapo hapo alipo. Wewe utakuwa dukani kwako unapiga mswaki rimoti za kuku. Mimi nitakuwa kwaya. Akianguka? Nijibu. Akianguka?"

Nilikuwa nimejaa haki mpaka shingoni, na bado nilimwona Bi Nyamizi chini kwenye sakafu ya bafu, khanga imelowa, rimoti imeteleza mbali na mkono. Nikaanza kufikiria labda tuishike kwa zamu, labda Mama Tausi apite asubuhi, labda jirani. Mwalimu naye alikuwa ameshaanza kusema habari za jirani. Tukawa tunapanga, mimi na yeye na Mama Tausi, sauti zinapanda, kila mtu na wazo lake.

Kisha nikatazama chini. Bi Nyamizi alikuwa anatugeuzia kichwa mmoja mmoja, kama mtu anayesikiliza habari za mgonjwa mwingine. Yule mama kaanza kusema muda mfupi tu uliopita, na tayari sisi watatu tunasema juu ya kichwa chake. Aibu iliniwaka masikioni. Nikapiga magoti mbele yake.

"Bi Nyamizi, swali ni lako. Ukianguka?"

Hakuharakisha. Aliigeuza rimoti, akapitisha kidole juu ya kila kitufe, HATUA, NAFUU, USINGIZI, na kwenye kile cha mwisho akapumzisha gumba bila kubonyeza. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko ya kwangu.

"Nikianguka nitaita," akasema. "Mbona mlikuwa hamlioni hilo? Mtu akianguka anaita. Nitamwita huyu kwa jina nililompa mwenyewe, naye atakuja. Atakosa kuja?"

"Nitakuja, mama," Mwalimu akasema.

Ukapita ukimya kidogo, wa kawaida, ule ambao haujabonyezwa na mtu. Nje kuku wa jirani walikuwa wanalia. Kisha Bi Nyamizi akavuta pumzi mpaka khanga ikamkaza kifuani, akatoa sauti ile ya majembe mia, iliyokwaruza, iliyopasuka katikati, lakini ndiyo yenyewe, na madirisha yakaitikia.

"Mihayooo!"

Mwalimu aliruka. Alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake.

"Naam, mama!"

"Hamna kitu," akasema Bi Nyamizi. "Najaribu tu."